Jibu Nililompa Musyoka

Mwezi uliopita familia ya Musyoka ilinitumia historia fupi ya marehemu, ile karatasi inayosomwa kanisani kabla ya jeneza kutolewa, wakaniomba niisahihishe kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee wanayemfahamu aliyeishi naye Saudia. Ilikuwa kurasa mbili. Nilirekebisha jina la mtaa mmoja, nikaondoa koma tatu zisizokuwa na kazi, kisha nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba marehemu, katika ujana wake, alimpotezea mwenzake jicho mchezoni kwa uamuzi wake mwenyewe, na kwamba tangu wakati huo hadi kufa kwake hakupitisha Ijumaa hata moja bila kufunga na kumwombea mtu huyo. Pembeni mjane wake alikuwa ameandika kwa kalamu: "Mwalimu, hapa tumeandika sawa?" Niliitazama karatasi ile mpaka chai yangu ikafanya utando juu. Kisha nikaandika "Sawa," nikairudisha. Kwa miaka ishirini nimewahukumu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nimewatuma nyumbani wakalete wazazi, nimewasimamisha gwarideni nikawasomea maandiko. Sura hii naiandika nikiwa nimechelewa, na anayechelewa kusema kweli hana haki ya kudai sifa kwa kuisema.

Sitaeleza nilivyolelewa, wala nilivyojifunza besiboli katika nchi ambayo watu wengi hawajapata kuiona ikichezwa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, kwamba mkono wangu wa kulia uliweza kurusha mpira kwa kasi iliyowafanya watu wazima wafumbe macho, na kwamba tajiri mmoja wa Jeddah, mwenye malori na maghala karibu na bandari, aliupenda mchezo huo alipokuwa akisoma ng'ambo. Kampuni sita, tatu za Jeddah na tatu za Riyadh, zilikuwa na timu, zikishindana siku za Ijumaa. Wachezaji wengi walikuwa Wafilipino waliofanya kazi zao za ufundi wiki nzima na kuvaa viatu vya mchezo siku ya mapumziko. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioajiriwa kwa ajili ya mchezo peke yake. Hata hivyo kwenye ikama yangu, kile kibali cha ukaazi ambacho mgeni hathubutu kuvuka barabara bila kuwa nacho, kazi yangu iliandikwa kuwa mpakiaji mizigo. Bosi, yaani tajiri yule, ambaye tulimwita Abu Faris kama walivyomwita wote, alinieleza siku ya kwanza huku akiitia pasipoti yangu kwenye droo ya meza yake. "Ikama ni karatasi tu," alisema kwa Kiingereza chake kizuri. "Kazi yako ni mkono. Mkono ukifa, halas, kwisha." Alicheka. Nami nikacheka, maana mtu wa miaka ishirini na minne huona kifo cha mkono wake kuwa jambo la mbali kama kifo chake mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huu, niseme tu kwamba mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, na mbele yake, hatua kama ishirini na tano, huchuchumaa mdakaji mwenye glavu nene na kinyago cha chuma usoni. Katikati yao, kando kidogo ya njia ya mpira, husimama mpigaji na gongo lake, kichwani kofia ngumu, uso wazi. Mdakaji ndiye anayeamua mpira urushwe vipi: wa ndani, unaopita karibu na mwili wa mpigaji, au wa nje, unaopita mbali naye. Kwa kawaida huonyesha kwa vidole, amevificha kati ya mapaja, ili mpigaji asijue kinachomjia. Mdakaji wangu alikuwa Musyoka, Mkamba wa Machakos, aliyenizidi kwa miaka sita na aliyeletwa na bosi yuleyule. Yeye hakujisumbua na vidole. Alipaza sauti kwa Kiswahili. "Kijana, mpe ya nje, huyu amelala bado." "Mpe ya ndani, amechoka kuishi vizuri." Mpigaji alidhani anatukanwa, na mara nyingi ni kweli alikuwa akitukanwa, lakini ndani ya matusi yale palikuwa na amri. Tuliona fahari kubwa. Katika uwanja wenye lugha tano tulikuwa na chumba chetu kisicho na kuta, tukazungumza humo tukidhani kimefungwa.

Chumba chetu cha kweli kilikuwa mtaa wa Bani Malik, Jeddah, ghorofa ya tatu, vitanda sita vya chuma na dirisha moja lililotazama ukuta. Wenzetu walikuwa madereva na walinzi, Wakenya wote, na mazungumzo yao jioni, wakati mmoja akisonga ugali na mwingine akigombana na kiyoyozi, yalikuwa juu ya kitu kimoja: karatasi. Nani kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, amekataa kumpa ruhusa ya kuhama, nani amekutwa akifanya kazi isiyo ya ikama yake. "Yule wa Kisii amesafirishwa kwao na kandambili miguuni," dereva mmoja alisema siku moja, akilamba mchuzi kidoleni. "Viatu vilibaki kwa kafili." Mwingine akamwambia, "Wewe unacheka kwa sababu viatu vyako havifiki hata airport." Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka pia, kisha usiku nikaviweka viatu vyangu chini ya mto. Leo huwaambia wanafunzi wangu kwamba woga ni mwalimu mbaya kwa sababu humfundisha mtu kulinda kile kilicho karibu na mkono wake na kusahau kilicho mkononi mwa mwenzake. Wao huandika maneno hayo daftarini. Hawajui niliyatoa wapi.

Mwezi wa tano, zamu yangu ya kupika, niliushika mpini wa sufuria ya ugali kwa mkono wa kulia. Nilisikia harufu kabla sijasikia maumivu. Kwa kweli maumivu hayakuja kabisa. Kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimegusa chuma cha moto, ngozi imebadilika rangi, na mimi nimesimama nikinusa kama mtu anayetafuta kitu kilichoungulia jikoni kwa jirani. Musyoka aliuona mkono, akaniona uso. Alinivuta hadi bafuni, akafungua bomba, akaweka vidole vyangu chini ya maji.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Wiki tatu. Huja na kuondoka. Kiwiko kinauma, halafu vidole hivi viwili vinalala."

"Ukirusha, unausikia mpira?"

"Wakati mwingine."

Aliyafunga maji. Nje ya mlango mtu aligonga akidai zamu yake, na Musyoka akamwambia asubiri, kwani kuna mtu anazaa. Kisha akanigeukia bila kucheka. "Kijana, mpira wako ukimpata mtu kichwani, huyo ni maiti ama kipofu. Unanielewa? Bosi tusimwambie, sawa, hata mimi nina watoto na wewe ukirudi nyumbani sijui atamleta nani nimdakie. Lakini kila mpigaji akisimama pale, nitakuuliza: vidole vipo? Wewe uniambie ukweli. Vikiwepo, nitaita ndani na nje nipendavyo. Visipokuwepo, nitaita nje peke yake, pole pole, hata wakitupiga mpaka tuaibike. Ndiyo ama siyo?"

Nikasema ndiyo. Nilikwenda mtaa wa Sharafiya kwa mwuza dawa mmoja Mmisri, kwa sababu hospitali ya kampuni ingepeleka taarifa ofisini. Alinibonyeza kiwiko, akanichoma vidole kwa ncha ya kalamu nikiwa nimefumba macho, akaniambia nipumzike miezi mitatu. Nilinunua mafuta ya kuchua nikaondoka. Miezi mitatu ilikuwa ndiyo msimu mzima uliobaki.

Na mpango ule ulifanya kazi. Ni lazima niliseme hili, kwa maana wasimulizi wa makosa yao hupenda kuonyesha kwamba kila kitu kilikuwa kibaya tangu mwanzo, na hivyo kuufanya uovu wao uonekane kama hali ya hewa. Kwa majuma saba Musyoka aliuliza na mimi nikajibu kweli. "Vidole vipo?" "Vipo." "Vidole vipo?" "Havipo." Nilipojibu havipo, mipira ilikwenda nje, taratibu, na wapigaji walishangaa kwa nini simba amekuwa mbuzi ghafla, wengine walitupiga, wengine walijichanganya kwa haraka yao wenyewe. Mchezo ulikuwa na woga, lakini ulikuwa woga wa watu wawili wanaoshika kamba moja. Sijawahi kuwa mkweli kwa binadamu yeyote kama nilivyokuwa mkweli kwa Musyoka katika majuma yale, na nilikuwa nikifanya hivyo kwa kupiga kelele mbele ya watu mia.

Kisha tukaenda Riyadh. Basi la kampuni lilichukua saa kumi kupita jangwani. Tulikula mkate wa tamisi na maharage ya fuul kituoni, tukafika tukiwa na mavumbi masikioni. Uwanja ulikuwa ndani ya makazi ya wageni yenye ukuta mrefu na lango la walinzi. Mpigaji wao hodari aliitwa Dindo, Mfilipino, fundi wa viyoyozi, mtu mfupi mwenye mikono ya mwanamieleka na tabasamu lisilomtoka. Alikuwa na tabia moja: alisimama karibu mno na njia ya mpira, karibu kuliko mtu yeyote, kana kwamba anataka kuunong'oneza. Musyoka alimwita Jirani. "Jirani amekuja kukopa chumvi," alikuwa akisema Dindo anaposimama, na Dindo, bila kuelewa, aliitikia "Cumvi, cumvi," akagusa kofia yake kwa heshima. Alikuwa na mabinti wawili, ambao picha yao aliibandika ndani ya kofia. Najua kwa sababu alimwonyesha kila mtu, pamoja na wapinzani.

Siku ile vidole vyangu vililala mapema. Musyoka aliuliza Dindo akiwa amesimama baina yetu, akiinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza mahubiri. "Kijana, vidole vipo?" "Havipo. Havipo hata kidogo leo." "Haya, nje. Jirani tumwonee huruma." Nikarusha nje, taratibu, na bado mpira mmoja ulichoropoka ukapita nyuma ya shingo yake. Dindo alianguka chini, akainuka, akajipangusa, akacheka, akanipungia mkono. Hakuna aliyejua kitu. Ndivyo nilivyodhani.

Tulipokuwa tukipakia mifuko, mlinzi wa lango alinijia. Alikuwa mrefu, sare imembana mabegani. Alinisalimu kwa Kiswahili.

"Habari yako, ndugu. Mimi naitwa Wekesa, wa Bungoma. Nimefurahi kusikia lugha ya nyumbani." Alitazama huku na huku. "Nimesikia yote."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia vidole. Mechi yote nimesimama pale nyuma ya wavu. Ndugu yangu, yule Dindo ananiletea chakula kila Jumapili. Nyinyi mmesimama mnaulizana juu ya kichwa chake kama watu wanaopima kondoo, na yeye anacheka." Hakupandisha sauti. "Sikuiti mbaya. Kila mtu hapa ana kitu anaficha kwa kafili. Lakini mwezi ujao wanakuja kwenu Jeddah. Nimwambie ama utaacha kurusha mpaka upone?"

"Nitaacha," nikasema.

"Naweza kuamini?"

"Wewe ni Mkenya mwenzangu."

"Ndiyo maana nauliza," alisema, lakini alinipa mkono, na niliposhika mkono wake kwa mkono wangu wa kulia sikuusikia vizuri.

Sikumwambia Musyoka. Hapa ndipo kosa lilipo, kama kosa lina mahali; yaliyofuata ni matawi yake. Ningemwambia, angebadilisha mpango. Tungetumia vidole vya mdakaji kama watu wengine, au angekuja kichuguuni kuniuliza sikioni. Lakini kumwambia kungekuwa kumweleza pia ahadi niliyoitoa na nisiyokusudia kuitimiza, na nilijua angeitimiza yeye kwa niaba yangu. Basi nilinyamaza, na lugha yetu, iliyokuwa chumba, ikageuka uwanja. Nilianza kusikia Kiswahili kila mahali Jeddah: kwenye foleni za kutuma fedha Sharafiya, kwenye teksi za kuchangia, kwa wanawake wawili wa Kenya waliokuwa wakichagua vitunguu na kumsema madam wao. Kilikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi kwa sababu ya majivuno. Nililala vibaya, nikala vibaya, kila simu ilipolia nilidhani ni Wekesa. Nikaogopa kusafirishwa, nikaogopa kuaibika, nikaogopa kurudi kwetu nikiwa na kandambili. Katika orodha ile ndefu ya hofu zangu, uso wa Dindo haukuwemo. Nimeipekua kumbukumbu yangu kwa uaminifu nione kama ulikuwemo mahali popote, na haukuwemo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado na nguvu na unyevu wa bahari umeganda hewani. Bosi alikuja na wageni wake, wafanyabiashara wenye kanzu nyeupe, akaketi chini ya turubai karibu kabisa na mstari wa uwanja, na nyuma ya kiti chake alisimama mwanamke mwenye baibui na sinia la vikombe na birika la kahawa. Nilimfahamu kwa sura: Saumu, mtu wa Mombasa, aliyefanya kazi nyumbani kwa Abu Faris. Hatua kumi kutoka kwangu. Kabla ya mchezo bosi aliniita akaniambia wageni wale wanataka kuona kasi, na kwamba leo baada ya mechi atajua kama anaongeza mkataba wangu. "Yalla, waonyeshe," alisema.

Dindo alikuja kupiga katika zamu ya pili. Alisimama mahali pake, karibu, akagusa kofia. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu, nikitafuta dalili kwamba Wekesa amemwambia. Tabasamu lilikuwa lilelile. Wekesa alikuwa ameniamini. Vidole vyangu vilikuwa vimelala tangu nilipokuwa nikijinyoosha. Niliushika mpira kama mtu anayeshika kitu kupitia blanketi. Na Musyoka, asiyejua lolote, akapaza sauti kama siku zote, "Kijana, Jirani amerudi na bakuli. Vidole vipo?"

Niligeuka kumtazama Saumu. Alikuwa ameinama sikioni mwa bosi, akimmiminia kahawa, na bosi alikuwa amegeuza kichwa kumwelekea. Niliona, kwa uwazi wa mtu aliyepandwa na homa, jinsi bosi atakavyouliza, "Wanasemaje wale?" na jinsi yeye atakavyomjibu. Ningeweza kuinua mkono kumwita Musyoka. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza hata kunyamaza, na kwa kunyamaza kwangu angejua. Mambo yote hayo yalinipitia, moja baada ya jingine, kwa utulivu. Sitakubali kusema nilighafilika.

"Vipo," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi turubaini.

"Safi. Basi ndani, na moto."

Wakati mpira ulipotoka mkononi nilijua. Haukuwa na mzunguko. Ulitoka kama jiwe linavyotoka kwenye mfuko uliotoboka. Dindo alianza kugeuka lakini aligeukia upande wa mpira badala ya kuukimbia. Ulimpata usoni; sauti ya pigo lile sitaielezea. Alipiga magoti kwanza, kama mtu aliyeangusha kitu, gongo bado mkononi, kisha akalala ubavu. Musyoka alikuwa wa kwanza kumfikia. Alitupa kinyago, akakishika kichwa cha Dindo mapajani mwake, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja chake kitupu, na damu ikapita kati ya vidole. Alikuwa akimwambia maneno kwa Kikamba. Mimi sikusogea. Nilibaki juu ya kichuguu, na nakumbuka kwamba nilitazama turubai, nione kama bosi amekasirika.

Gari la wagonjwa lilikuja. Mchezo uliendelea, kwa sababu huendelea. Mpigaji aliyefuata alisimama hatua nzima nyuma ya mahali pa kawaida, na Musyoka, kifua chake kikiwa chekundu, hakuuliza tena lolote. Aliita nje, nje, nje. Nilirusha mipira ya polepole ambayo hata mwanafunzi angeipiga, na hakuna aliyeipiga. Tulishinda.

Kesho yake adhuhuri bosi aliniita nyumbani kwake. Nilikwenda nikiwa nimepakia mkoba wangu. Nilidhani ataniuliza, na nilikuwa nimejiandaa, naapa, kumjibu. Aliniketisha kwenye zulia, akanisukumia sahani ya wali na mwanakondoo, akasema ni bahati mbaya, mchezo ni mchezo, atatuma kitu kwa familia ya yule fundi. Kisha akapangusa mikono. "Umewaona walivyosimama baadaye? Mbali. Sasa wanakuogopa. Mrushaji anayeogopwa ana thamani mara mbili." Akaniambia mkataba umeongezwa miaka miwili. Na huo ndio ulikuwa mwendo wa kazi yangu yote: kwa miaka miwili nililipwa kama mrushaji wa kutisha, kwa mkono usio na nguvu ya kuua inzi, kwa sababu kila mpigaji wa Riyadh na Jeddah alikuwa amesikia habari za jicho la Dindo na hakuna aliyethubutu kusogea. Nilikula wali ule. Ulikuwa na zabibu na ulikuwa mtamu.

Nilipotoka nilipitia mlango wa jikoni kurudisha sahani, na Saumu alikuwa pale, akiosha vikombe.

"Pole, kaka," alisema. "Jana niliona."

"Dada Saumu," nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "jana, kabla ya ule mpira, bosi alikuuliza nini?"

"Baba? Kuniuliza mimi?" Alinitazama kama anayepima akili zangu. "Alitaka kahawa asitiwe nyingi."

"Hukutusikia tukisema?"

"Nyinyi mwapiga makelele toka mwanzo wa mpira hadi mwisho, nani ayasikize? Mimi n'na vikombe kumi na vinane na jua la usoni." Akageukia maji yake. "Na huyo baba, miaka minne niko hapa, hajapata kuniuliza nasema lugha gani."

Nilitembea kutoka pale hadi barabara kuu, nikapanda teksi ya kuchangia, nikashuka Bani Malik. Njia nzima nilijiambia kwamba sasa hakuna ninachokiogopa. Mkataba ulikuwa mfukoni. Bosi hakujua na hakutaka kujua. Saumu hakusikia. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuambiwa kweli, naye alikuwa rafiki yangu, na kumwambia hakungenigharimu kazi, wala ikama, wala hata viatu.

Musyoka alikuwa amekaa kitandani, peke yake, sufuria ndogo ya ugali na mboga imefunikwa mbele yake. Alikuwa ametoka hospitalini. Alisema madaktari wamemaliza. Jicho limekwenda, lile jingine litabaki. Alisema Dindo alimtambua kwa sauti na akajaribu kucheka. Kisha akavitazama viganja vyake, ambavyo vilikuwa vimesuguliwa mpaka vimekuwa vyeupe.

"Kijana," alisema, "nitakuuliza mara moja tu, na maisha yangu yote sitakuuliza tena. Jana vilikuwepo?"

Macho yake hayakuwa na shutuma. Yalikuwa macho ya mtu anayetaka kujua uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. Nikamwona atakavyonitazama nikimwambia, na hayo peke yake, macho ya mtu mmoja katika chumba cha vitanda sita, yalinitisha kuliko kafili, kuliko Wekesa, kuliko ndege ya kurudi nyumbani.

"Vilikuwepo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. "Basi ni mimi. Wewe ulirusha nilichokuambia. Mimi ndiye niliyeita ndani."

Nilimwambia asijilaumu. Alinishukuru kwa maneno hayo, akafunua sufuria, akanisogezea upande wenye mboga nyingi, akaniambia nile kabla chakula hakijapoa.